Usaili kwenye duka la vifaa vya farasi: anza na viatu

Ikikaribia Machi, maswali ya namna moja huanza kunifikia: mtu kaitwa usaili kwenye duka la vifaa vya farasi, anataka kujua avae nini. Hapa Lexington, Kentucky, si swali la ajabu. Mji umezungukwa na mashamba ya farasi, mbio za farasi za uwanja wa Keeneland huwa Aprili na Oktoba, na mwishoni mwa Aprili kuna mashindano makubwa pale Kentucky Horse Park. Maduka yanahitaji watu. Na sisi tuzungumzao Kiswahili, hasa ndugu zetu wa Kongo, tuko wengi mji huu. Lugha yetu unaisikia kwenye basi, dukani na kwenye korido za shule. Mimi nauza kwenye duka la aina hiyo, basi nitawaeleza ninavyoona nikiwa kaunta.

Wengi wetu huponzwa na nguo za heshima. Kwetu ukiitwa usaili unatafuta suti, hata ya kuazima, unaipiga pasi mpaka ikae, unafunga tai. Ni adabu tuliyolelewa nayo na siidharau. Lakini mwenye duka hili anatafuta mtu atakayepanda ngazi akateremshe tandiko la farasi kutoka rafu ya juu, na pengine abebe mfuko wa chakula cha farasi wa kilo 23 mpaka kwenye gari la mteja. Ukimjia na suti nyeusi na visigino virefu, anabaki kujiuliza kama unaijua kazi yenyewe. Wapo pia wanaoiga picha za Kentucky Derby, zile mbio maarufu za farasi, wakafikiria kofia pana zenye maua. Kofia zile ni za watazamaji kule Louisville, Jumamosi ya kwanza ya Mei. Dukani hazina kazi.

Viatu ndivyo vya kufikiria kwanza. Mtu aliyekulia kwenye banda la farasi hukutazama miguuni kabla ya usoni, kwa sababu kwake kiatu ni usalama. Farasi wa kawaida ana uzito wa kama kilo 500, na akikukanyaga umevaa raba ya kitambaa utajuta. Buti la kupandia lina kisigino kifupi ili mguu usipenye kwenye kikuku cha tandiko, ile pete ya kukanyagia, ukanasa. Aliyenasa akaanguka huburuzwa. Kwa hiyo tafuta buti fupi la ngozi linalofunika kifundo, la kahawia au jeusi, lenye kisigino kifupi. Si lazima liwe la kupandia farasi. La mtumba linatosha kabisa, ila lipake kiwi ling'ae.

Hapo kwenye kiwi sitanii. Duka letu lote linanukia ngozi. Tunauza sabuni ya matandiko na mafuta ya kulainishia hatamu, na tunashinda tukiwaeleza wateja kwamba ngozi isiyotunzwa hukauka, hupasuka, na hatamu ikikatika farasi akiwa mbioni mtu anaweza kupoteza maisha. Anayekuhoji ataliona buti lako lililokauka, lenye alama nyeupe za chumvi ya barabara za majira ya baridi, kabla hujafungua bahasha ya vyeti.

Suruali iwe ya kaki au nyeusi, na ikuruhusu kupiga goti. Mteja akitaka buti refu la kupandia, namkalisha kitini, goti lake limekunjwa sawasawa na nyayo ziko chini. Napiga goti na futi ya kamba. Napima mzunguko wa shavu la mguu pale penye unene zaidi, kisha urefu kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti, miguu yote miwili, maana mara nyingi haifanani. Nasimama, naleta maboksi, napiga goti tena. Fanya hivyo nyumbani na suruali unayotaka kuvaa. Ikikubana au ikiacha mgongo wazi, tafuta nyingine. Juu vaa shati au fulana ya kola ya rangi moja, uichomekee, na mkanda wa ngozi. Kucha ziwe fupi, hereni ndogo.

Jinzi je? Inategemea duka. Kwenye duka la mtindo wa Western, wa wachunga ng'ombe, jinzi safi iliyokolea isiyo na matundu ndiyo vazi lenyewe. Kwenye duka la mtindo wa Kiingereza, wa kuruka vihunzi, iache nyumbani. Zile suruali za kubana za kupandia, zenye kiraka ndani ya goti, usivae kama hupandi. Utaulizwa unapanda wapi na farasi wa aina gani. Sema kweli kwamba hujawahi. Wengi wetu tunatoka sehemu ambako mbung'o hawaruhusu farasi kuishi sana, na hakuna aibu katika hilo.

Dada zangu mnaovaa hijabu, ivaeni. Mwaka 2008 Samantha Elauf alikwenda usaili akiwa na hijabu kwenye duka la nguo la Abercrombie & Fitch huko Tulsa, Oklahoma, akanyimwa kazi kwa sababu ya kitambaa kile. Tume ya serikali inayosimamia haki kwenye ajira ikafungua kesi, na tarehe 1 Juni 2015 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua kwa upande wa tume, majaji 8 kwa 1. Mwajiri hana ruhusa ya kukukataa ili tu akwepe vazi la dini yako. Chomeka ncha za mtandio zisining'inie kwenye ngazi, na kama unavaa sketi ndefu, iwe pana ya kutosha kupigia goti na isiburuze.

Kabla hujaondoka, uliza kama duka linawapa wafanyakazi fulana zenye nembo yake, na kama linawapunguzia bei ya viatu. Ukishajua hayo ndipo utoe hela kununua nguo za kazi.