Ukuta si genge

Nimerudi Dar juzi usiku kutoka kupanda Kilimanjaro. Magoti bado yananidai; ngazi za nyumbani nazishuka kinyumenyume, huku wadogo zangu wakinirekodi. Ya kileleni Uhuru nitaandika siku nyingine. Leo nataka kuandika kuhusu asubuhi ya siku ya nne, na aibu niliyoipata kwa neno moja.

Tulikuwa kambi ya Barranco, njia ya Machame. Jioni iliyotangulia tuliingia na ukungu, sikuona zaidi ya hema langu na ile miti ya senesio iliyosimama kama watu waliovaa makoti. Asubuhi nikatoka na kikombe cha chai mikononi, nikainua macho. Mbele yangu jiwe jeusi limesimama, mita 250 na ushee. Nikamwuliza mwongozaji wetu, "Kaka, sasa hili genge tunalizungukia wapi?"

Akanitazama. "Genge gani, dada? Huku hakuna nyanya."

Wagumu waliokuwa wakikunja mahema wakaangua kicheko. (Wagumu ndio wapagazi, hilo ndilo jina wanaloitana wenyewe, na ukiwaona kazini huulizi kwa nini.) "Ule ni ukuta," akasema. "Na hatuuzunguki."

Nilistahili. Mimi ni mtoto wa Temeke, na kwetu genge ni meza ya mbao yenye mafungu ya nyanya, vitunguu na dagaa. Nakumbuka Jumapili moja mwalimu wetu alitusomea ile habari ya nguruwe walioingiwa na pepo, wakatelemka kwa kasi gengeni hadi baharini. Niliiona yote: nguruwe wanapita juu ya mafungu, bamia zinaruka, na mama muuza anawafukuza kwa ufagio hadi ufukweni. Nilimwonea huruma sana yule mama. Mpaka nafika sekondari ndipo nikajua genge ni pale ardhi inapokatika ghafla. Ndiyo maana mlimani nilijiona mjanja. Nilikuwa nimetumia neno la kamusi, kumbe la kamusi si la kazini.

Basi tukaupanda. Fimbo zote zikafungwa begini, kwa sababu ukuta unapandwa kwa mikono. Mgumu mmoja alinipita na mtungi wa gesi begani na trei ya mayai mkononi, akaniambia "pole, dada" kwa upole ulionichoma kuliko tusi. Katikati kuna jiwe lililotokeza njiani, inabidi ulikumbatie na kusogea kiubavu. Wanaliita jiwe la busu. Shavu langu lilikuwa juu yake, baridi kama mlango wa friji, mguu wa kushoto umeshavuka, wa kulia bado unabishana nami. Nyuma ya visigino hakuna kitu. Nikachungulia.

"Usitazame chini, dada," yule kaka akasema, kanishika mkoba. "Ukitazama chini ndiyo linakuwa genge."

Sidhani kama alikuwa anatoa somo la lugha. Lakini tangu hapo nimekuwa nikiligeuza neno hilo kichwani. Jiwe ni lilelile; ukiwa chini unauliza utapandaje, ukiwa juu unauliza utaangukia wapi. Nguruwe wale walitokea juu. Najua fika kwamba hata ramani za wageni zimeandika ukuta, kwa Kiingereza chao. Na kushoto kwetu, juu kabisa, kulikuwa na ukuta mwingine wa mwamba na barafu, ule wa Breach, ambao wapanda milima Reinhold Messner na Konrad Renzler waliupanda mwaka 1978. Yule kaka aliuonyesha kwa kidevu tu, kama mtu anayemtaja shemeji mkorofi.

Barranco lenyewe, nimekuja kulitafuta nyumbani, ni Kihispania: korongo. Kwa hiyo tulipanda Ukuta wa Korongo bila kujua, na nusu ya wasomaji wangu sasa wanamfikiria ndege.

Mwamba nao una mambo yake. Watu wa pwani wakisema chombo kimepanda mwamba, wanasema kimekwama au kimepasuka. Chombo kikipanda mwamba safari imekwisha. Mimi nilipoupanda nilipiga picha. Picha hiyo nilimtumia rafiki yangu aliyekulia Muscat, bibi yake wa Unguja. Akajibu, "Mashaallah, jabali hilo!" Nilidhani anasema jiwe. Alikuwa anasema mlima mzima, kama Waarabu wanavyosema. Sisi tulilichukua neno lao tukalipunguza mpaka likawa jiwe kubwa, ingawa bado tunamwita mtu jabali akiwa hatikisiki.

Poromoko silitamani kulichezea. Mwanzoni lilinijia kama maji meupe na watalii, lakini tangu Desemba 2023, tope liliposhuka kutoka mlima Hanang hadi Katesh, nikisikia maporomoko naona nyumba.

Juu ya ukuta tulikaa kwenye jua, tukala karanga na maandazi yaliyogandamana. Kibo ilikuwa wazi yote. Wagumu walikuwa wameshapita zamani. Tulipofika kambini Karanga tulikuta mahema yamesimama na yale mayai, yote mazima, yakichemka.

Leo jioni mama kanituma vitunguu. Gengeni kwetu ni hatua arobaini, tambarare tupu. Nimekwenda nikiburuta miguu, nimeshika ukuta wa jirani. Mama muuza ameninyoshea mfuko, akaniangalia juu mpaka chini, akauliza, "Wewe mtoto, umeanguka wapi?"