Mji wa Mbuyu Mmoja juu ya ubao wa futi 8 kwa 4

Mama aliizunguka meza mara mbili, mikono mgongoni, kisha akaniuliza, "Sasa hawa watu wanachota maji wapi?"

Nilikuwa nimejenga mji huu mdogo wa mfano, wenye reli yake, kwa miezi minne. Stesheni ilikuwapo, tangi la maji ya injini lilikuwapo, maduka matano yenye baraza, msikiti mdogo, na landi, yaani safu ya nyumba za wafanyakazi wa reli. Bomba sikuweka. Wala majiko, wala kamba ya kuanikia nguo, wala kijia hata kimoja.

Mama aliolewa akaletwa landi mwaka 1962. Baba alikuwa mfanyakazi wa East African Railways, kazi yake kugeuza njia ili treni ipite huku au kule, na tuliishi stesheni kadhaa kati ya Makindu na Mtito Andei. Mji wangu hauko kwenye ramani. Nimeuita Mbuyu Mmoja, nikaandika kwenye ubao wa stesheni kimo cha futi 2,900 kutoka usawa wa bahari, kwa kuwa mbao za stesheni zetu zilikuwa na kimo. Mwaka niliouchagua ni 1965, injini kubwa za mvuke za Garratt za daraja la 59, zile zilizopewa majina ya milima, zikiwa bado zinavuta mizigo kutoka Mombasa.

Kipimo changu ni 1 kwa 87, yaani kila kitu ni kidogo mara 87 kuliko kile halisi. Reli yetu ya zamani ina upana wa mita moja, kwa hiyo kwa kipimo hicho nahitaji njia ya milimita 12. Hiyo hupatikana Ulaya, maana wenzetu wa kule nao wana reli za mita moja milimani, na binamu yangu aliniletea kutoka Ujerumani. Kuhusu reli yenyewe sitasema mengi. Kilichonisumbua ni mji.

Ubao mzima wa plaiwudi, futi 8 kwa 4, kwa kipimo hiki ni sawa na mita 212 kwa 106. Stesheni halisi peke yake ingeumeza, nami nilitaka na maduka, na landi, na mbuyu. Injini moja ya daraja la 59 ilipita mita 30, yaani zaidi ya sentimita 34 mezani. Mwanzoni nilifanya kosa la kunyoa kila jengo kidogo ili yote yaenee. Yakaenea, lakini mtu akisimama mlangoni kichwa chake kinagusa kizingiti. Nikabomoa. Tangu hapo mlango ni milimita 23, sawa na mita mbili, na haupungui. Kinachopungua ni idadi. Maduka kumi yakawa matano, landi vyumba kumi na viwili vikawa saba, na majengo ya nyuma kabisa nikayajenga sehemu ya mbele tu, kina cha sentimita 3, yakiegemea ukuta uliopakwa rangi ya vilima.

Kuta ni kadibodi ngumu ya nyuma ya kalenda. Ukiipaka rangi upande mmoja inapinda kama chapati, kwa hiyo paka pande zote mbili, na ndani gundisha vipande vya kuikaza. Kabla ya kutumia kitu chochote, zidisha unene wake mara 87. Kijiti cha aiskrimu chenye unene wa milimita 2 kinakuwa ubao wa sentimita 17, na hakuna fundi aliyewahi kuchonga mlango wa unene huo. Njiti ya kiberiti inafaa kwa nguzo ya baraza. Kwa milango natumia kadi nyembamba za mialiko ya harusi.

Mabati ndiyo yaliyonipa furaha kubwa. Migongo ya bati halisi inaachana kama milimita 76, na hiyo kwa kipimo changu ni chini kidogo ya milimita 0.9. Nilijaribu kitana, kikawa kipana mno. Siku moja nikiwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi nikashika bolti ndefu ya milimita 5, ile yenye meno mwili mzima, nikakumbuka kwamba meno yake yanaachana milimita 0.8. Nilinunua, nikaikata vipande kumi, nikavilaza sambamba juu ya ubao meno yakipangana, nikavigundisha. Juu yake natandaza foili ya zile sahani za kubebea chakula, nasugua taratibu kwa ncha ya kijiti cha mviringo, nafuata mfereji hadi mfereji. Bati linatoka.

Usiezeke paa kwa kipande kimoja kikubwa. Kata mabati mojamoja, milimita 34 kwa 9, kama yale ya mita tatu tuliyoyajua, na kila moja lilalie jirani yake mgongo mmoja. Ioshe foili kwa sabuni kwanza, la sivyo rangi inabanduka. Kisha chafua machache tu kwa kutu. Paa lililofanyiwa ukarabati lina mabati mapya mawili matatu yanayong'aa katikati ya mazee, na jicho linaamini hapo hapo.

Tangi la injini ni kadibodi pia: vipande vya mraba vya milimita 14, maana paneli halisi zilikuwa futi 4, kila kimoja kimechorwa alama ya X kwa kalamu iliyokwisha wino.

Basi hayo yote Mama aliyaona, akasifu mabati. Kisha akavuta kiti. Aliniambia bomba la landi lilikuwa moja, mwisho wa safu, na tope lake halikukauka mwaka mzima. Majiko yalikuwa nyuma, na juu ya kila mlango wa jiko ukuta ulikuwa mweusi. Nikawasha koroboi usiku huo huo, nikakusanya masizi, nikayapaka kwa brashi kavu kutoka mlangoni kwenda juu.

Kisha akaweka kidole kwenye reli. "Tulivukia hapa, nyuma ya stesheni, si hapa. Ukipita mbele ya stesheni masta anakufokea." Kijia hicho kilikwenda moja kwa moja mpaka pembe ya duka la kitambaa, na duka langu halikuwa na mlango pembeni. Ilinibidi nililegeze kwa maji ya moto, gundi nyeupe hukubali, niling'oe safu nzima na kuisogeza sentimita 6. Ilinichukua wiki mbili. Sasa kijia kipo, na ghafla maduka yana sababu ya kuelekea yanakoelekea.

Udongo ni wa huko huko, niliuchota Kibwezi, nikauchuja kwa soksi nyembamba ya kike na kuupitishia sumaku, kwa sababu chembe za chuma zikibaki zitanaswa na mota ya injini. Kuta nyeupe zote nimezipaka udongo huo milimita 6 kutoka chini. Ni nusu mita, ndipo mvua inaporushia tope jekundu.

Jumapili iliyopita Mama alirudi tena. Amesema baraza ya duka la kitambaa bila fundi cherehani ni baraza ya duka lililofungwa. Cherehani na meza yake haifiki hata milimita 13 kwa kimo. Ya kwanza ilivunjika, ya pili gurudumu lake lilikuwa kubwa. Ya tatu, ya waya wa simu, iko chini ya taa, gundi inakauka.