Siku niliyosema "shhh"

Jana jioni kitinda mimba alikuwa anafunga vifungo vya shati. Alianzia chini, kama nilivyomfundisha, maana pindo mbili za chini ni rahisi kulinganisha kuliko zile za shingoni asizoziona. Huku ananong'ona: "Hiki hapa. Siyo hicho. Hiki hapa." Kaka yake akamcheka: "We unaongea na nani?"

"Mwache!" nikafoka. Wote wawili wakanitazama.

Ukali ule haukuwa wa kaka mtu. Ulikuwa wangu mwenyewe, deni la asubuhi moja ya chekechea, mwaka wangu wa pili wa kufundisha, tukicheza kinyume.

Mchezo ni mwepesi kuueleza. Watoto wanasimama mstari, wameachana urefu wa mkono. Kwanza amri za kawaida, mara 4 au 5: ukisema "kichwa" wanagusa kichwa, ukisema "vidole" wanainama kugusa vidole vya miguu. Kisha sheria inapinduka: kichwa ni vidole, vidole ni kichwa. Hapo unakwenda mara 10, bila kupokezanisha, kwa sababu ukisema kichwa, vidole, kichwa, vidole, wataacha kukusikiliza na kufuata mdundo. Mikono yako iwe nyuma ya mgongo. Ikitikisika tu, wataiga mikono na kusahau maneno. Kila amri ipe sekunde 3. Mabega na magoti yasubiri hadi hizo mbili ziwakae.

Kwa mtu mzima ni utani. Kwa mtoto wa miaka 4 ni kazi tatu kwa mpigo: kushika sheria mpya akilini, kuuzuia mkono ulioshaanza kupanda, na kuhama kutoka sheria ya zamani. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayobeba mzigo mkubwa wa kazi hizo, huendelea kukomaa hadi mtu anapita miaka 20. Ndiyo maana mtoto anaweza kukutajia sheria bila kukosea neno, halafu mkono ukafanya kingine. Utaona vivyo hivyo ukimpa wa miaka 3 kadi apange kwa rangi, kisha umwambie sasa apange kwa umbo. Atakuambia vizuri kadi ipi iende wapi, na ataendelea kupanga kwa rangi. Wengi wakifika miaka 5 wanahama bila shida. Sisi walimu tukiona pengo hilo tunasema, "Anajua huyu, ana kiburi tu."

Sasa yule mtoto. Alikuwa wa mwisho mstarini, upande wa dirisha. Baada ya sheria kupinduka alipata ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Niliona midomo yake ikicheza. Kwenye ya tano sauti ikatoka kabisa: "Kichwa... hapana, chini." Akainama, akagusa vidole. Sahihi.

Mwalimu mkuu alikuwa mlangoni. Nilitaka aone darasa tulivu. Nikaweka kidole mdomoni: "Shhh."

Akafumba mdomo, akaubana mpaka midomo ikapotelea ndani. Nikasema, "Kichwa." Mikono yote miwili ilipanda, ikafika mabegani, ikasimama. Ikatetemeka kidogo pale hewani. Kisha mmoja ukaenda kichwani na mwingine ukashuka hadi kwenye goti, ukaishia hapo. Akabaki hivyo, mwili umegawanyika amri mbili, macho yananiuliza mimi. Midomo bado ameibana.

Nikamwambia, "Umekosea, kaa chini."

Ndivyo tulivyokuwa tukicheza: anayekosea anatoka. Hesabu yake sikuwahi kuipiga. Aliyehitaji mazoezi zaidi alipata amri mbili, tatu. Aliyekwisha kuweza akapata zote 10.

Vygotsky, mwanasaikolojia wa Kisovieti aliyefariki mwaka 1934 akiwa na miaka 37, nilimsoma baadaye. Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, alikuwa ameyaona maneno ya mtoto anayejisemesha kuwa dalili ya akili isiyojua bado kuzungumza na wenzake. Vygotsky akamjibu kuwa ndiyo chombo chenyewe: maneno ambayo jana alisemeshwa na mkubwa, leo anajisemesha mwenyewe kwa sauti, kesho kwa mnong'ono, mwisho yanazama ndani yakawa kufikiri. Na kadiri kazi inavyomlemea, ndivyo anavyojisemesha zaidi. Mimi nilimnyang'anya mtoto fimbo katikati ya kivuko, kisha nikamlaumu kwa kuteleza.

Nilibadilisha machache. Hakuna anayetoka tena. Aliyekosea anasubiri amri inayofuata kama wengine. Kabla ya kuanza wote tunaisema sheria kwa sauti, mara 2. Wakisoma wawili wawili, mmoja anashika kadi yenye picha ya mdomo na mwenzake ya sikio, ili asikumbushwe na mimi kwamba zamu yake ni kusikiliza. Kadi hiyo ina matatizo yake. Ukiiondoa mapema wanarukiana maneno; ukiiacha muda mrefu wanaigeuza upepeo. Na tusidanganyane, watoto 25 wakinong'ona kwa pamoja ni soko. Kuna siku bado kidole kinanipanda mdomoni, nakirudisha njiani.

Yule mtoto alikaa nasi hadi mwisho wa mwaka. Sikumsikia tena akijisemesha mchezoni, na hakukosea sana. Huenda maneno yalikwishazama ndani, umri wenyewe ulikuwa huo. Huenda alijifunza tu kwamba kwa mwalimu huyu mdomo unabanwa.

Jana, nilipomaliza kufoka, kitinda mimba aligundua kifungo kimoja cha juu kimebaki bila tundu. Akavifungua vyote, akaanza upya kutoka chini. Safari hii kimya.