Vile nilipima mgongo wa farasi sita wazima kwa simu na mipira ya pingpong

Mimi ni saisi, nimefanya hii kazi miaka kumi na moja huku Karen, Nairobi, na farasi wetu karibu wote ni wale waliostaafu mbio pale Ngong, sasa wanabeba watoto na watu wanaojifunza kupanda. Miaka miwili iliyopita tulikuwa na jike mmoja nilimpenda sana, akaanza kukataa tandiko, ukikaza mkanda wa tumbo anageuka kutaka kukung'ata, ukimpanda anarusha kichwa juu. Daktari alipokuja alipapasa mgongo, akamtazama akitembea, kisha akaniuliza, "Kabla hajaanza kuumwa, mgongo wake ulikuwa unacheza vipi?"

Sikuwa na jibu. Miaka yote hiyo namsugua kila asubuhi na sikujua mgongo wake mzima unachezaje. Hilo swali lilinikaa rohoni, nikaamua hawa sita waliobaki, ambao hawana shida yoyote, nitawapima wakiwa bado wazima ili siku mmoja akibadilika niwe na kitu cha kumlinganisha nacho.

Nilianza kwa kusoma kwa simu usiku. Farasi ana pingili 7 za shingo, 18 za mbavu, 6 za kiuno na 5 za nyonga zilizoungana, ingawa wale wenye damu ya Kiarabu wengine wana 5 tu za kiuno. Na mgongo wenyewe haukunjiki kama wa paka, ni kitu kigumu, kila pingili inacheza kidogo sana, panapokunjika zaidi ni pale kiuno kinapokutana na nyonga. Kuna Mholanzi anaitwa Slijper, mwaka 1946 aliufananisha na upinde, mti wa upinde ni uti wa mgongo na kamba yake ni misuli ya tumbo. Huo mfano ndio ulionifungua macho, maana nilikuwa naangalia mgongo peke yake kumbe tumbo likilegea na mgongo unashuka.

Nilisoma pia kwamba kuna watafiti wa Uholanzi na Sweden ambao karibu mwaka 2000 waliwawekea farasi watano vyuma ndani ya mifupa ya pingili, wakawatembeza kwenye mashine ya kukimbilia huku kamera zikifuata alama zilizofungwa kwenye hivyo vyuma. Nilipoisoma mara ya kwanza nilisikia vibaya, lakini ndiyo ilitoa vipimo vya mfupa wenyewe, kwa sababu ukibandika alama juu ya ngozi, ngozi inateleza na mfupa unabaki ukienda njia yake. Hili nililihakikisha kwa mkono wangu. Niliweka kidole kwenye ncha ya mfupa wa mgongo nikabandika stika hapo hapo, kisha nikampa farasi karoti chini kabisa, shingo ikashuka, nikapapasa tena na ile ncha haikuwa tena katikati ya stika. Kwa hiyo nilijua mapema kwamba sipimi mfupa, napima mgongo unavyoonekana kwa nje, na hiyo inatosha mradi nifanye vilevile kila mara.

Stika zenyewe hazikufaa. Ukisimama ubavuni huzioni, ziko juu zimelala. Ndipo nikanunua mipira ya pingpong nikaikata nusu kwa nusu, nikaibandika na tepu ya pande mbili, ikawa kama vichuguu vyeupe vitatu mgongoni. Kimoja kwenye kigongo cha mabega, kimoja katikati, kimoja juu ya nyonga pale mfupa unapotokeza.

Cha katikati ndicho kilinipa kazi. Nilitaka kiwe kwenye pingili ya 13 ya mbavu, na huwezi kubahatisha. Unashika ubavu wa mwisho kabisa, unaufuata kwa vidole kupanda juu mpaka unapopotelea chini ya msuli, hapo unajua uko karibu na pingili ya 18, halafu unarudi mbele ukihesabu vincha kimoja kimoja, 17, 16, 15, mpaka 13. Kwa farasi mwembamba wa mbio inawezekana, kwa aliyenenepa unapoteza njia. Nilihesabu kila farasi mara tatu siku tofauti, na nilipofika mahali palepale mara zote tatu nikanyoa manyoya kidogo sana, duara kama shilingi, ili wakati mwingine nisihesabu tena. Tena tepu inashika vizuri zaidi pakiwa pamenyolewa, jasho haliing'oi.

Kuhusu mahali, tuna njia moja ya simiti iliyonyooka kando ya mazizi. Niliweka koni mbili umbali wa mita 10, simu kwenye stendi mita 8 kutoka njiani, kimo cha mita moja na nusu ili iwe sawa na mgongo, na ikiangalia katikati ya koni. Simu yangu inarekodi picha 240 kwa sekunde, hiyo ndiyo ilinisaidia. Pembeni mwa picha mambo yanapinda, kwa hiyo nilitumia hatua za katikati peke yake, na ndiyo maana kila farasi alipita mara sita akitembea na mara sita kwa troti, yaani mbio ndogo ndogo.

Nilimwomba mzee wetu, saisi wa siku nyingi kuniliko, anishikie kamba. Nikamwambia, "Mzee, nataka mwendo uwe mmoja, usikimbie usichelewe." Akanijibu, "Kijana wangu, farasi atafuata miguu yangu, wewe shika saa." Na kweli, kwa kutembea alikuwa anakata zile mita 10 kwa sekunde sita na kidogo karibu kila safari, iliyotoka nje ya hapo nikaifuta. Mwendo ukibadilika, mgongo nao unabadilika, hapo huwezi kulinganisha chochote. Kichwa pia. Safari ya tatu ya farasi wetu anayeitwa Upepo nilikuta mgongo umecheza tofauti kabisa na nikaogopa, kumbe alikuwa ameinua kichwa kuangalia mbwa. Kichwa kikipanda sana mgongo wa mbele unabonyea. Tukakubaliana kichwa kikae usawa wa kigongo, na karoti zisionekane mpaka tumalize!

Halafu kazi ya jioni. Niliingiza video kwenye laptopu ya mke wangu, kuna programu ya bure inaitwa Kinovea, unabofya zile nukta tatu inakupa pembe. Hapa ndipo ningewaambia wenzangu muwe makini kabisa. Kati ya mipira yangu kulikuwa na karibu sentimita 40, sasa ukikosea kubofya ule wa katikati kwa sentimita moja tu, pembe inapotoka karibu nyuzi tatu, na mgongo wenyewe wote unacheza nyuzi chache tu! Yaani kosa la kidole linaweza kuwa kubwa kuliko kitu unachokipima. Nilichukua picha moja nikaipima mara kumi, nikaona majibu yangu yanatofautiana kama nusu nyuzi, nikaandika hiyo juu ya daftari kwa wino mwekundu. Tofauti yoyote ndogo kuliko hiyo siihesabu.

Jambo lililonishangaza ni troti. Nilidhani farasi akienda haraka mgongo utacheza zaidi. Ni kinyume. Wakitembea, farasi wangu walikuwa kwenye nyuzi tano, sita, kwa troti ikashuka mpaka kama tatu, kwa sababu misuli inakaza kuushikilia mwili usibonyee tumbo linapoangushwa chini kila hatua. Na kwa troti mstari wa zile pembe ukiuchora unapanda na kushuka mara mbili kwa kila hatua kamili, vilima viwili, kimoja kwa kila jozi ya miguu iliyopishana. Kwa farasi mzima hivyo vilima vinakaribiana sana. Nilivichora kwa penseli nikavitazama muda mrefu, mgongo niliousugua miaka yote umekuwa mstari kwenye karatasi, nilifurahi sana jamani.

Wiki mbili baadaye nikarudia yote. Kila farasi alifanana na yeye mwenyewe, tofauti haikufika hata nyuzi moja, lakini Zawadi na Upepo, umri mmoja, kimo kimoja, wote wazima, wamepishana karibu nyuzi mbili. Zawadi ana mgongo mkavu tu, ndivyo alivyo. Kama ningempima Zawadi peke yake siku ambayo analalamika, na nikamlinganisha na Upepo, ningesema ana ugonjwa wa mgongo. Mzee alipoona daftari akasema hilo analijua kwa kiganja tangu zamani, kwamba Zawadi ni mgumu, akanionyesha anavyoweka mkono nyuma ya kigongo na kutembea naye hatua kumi. Nikaandika na hayo pia, upande wa kulia wa ukurasa, maneno ya mzee karibu na namba zangu, na mara nyingi yanaelekea upande mmoja.

Mwezi uliopita nikaongeza tandiko. Mpira wa katikati unafunikwa, kwa hiyo nilihamisha alama nyuma ya tandiko na kuanza hesabu upya bila tandiko kwanza. Waholanzi walishaonyesha kwamba tandiko lililobebeshwa uzito wa kilo 75 linaubonyeza mgongo wote chini, ila kiasi cha kucheza kinabaki kilekile, na kwetu Malkia alipobebeshwa mifuko ya mchanga ilionekana hivyohivyo, mstari mzima umeshuka lakini vilima vyake ni vilevile.

Daktari alipokuja kuchanja nilimpa daftari. Alisoma akiwa amesimama, akarudi ukurasa wa Zawadi mara mbili, kisha akatoa simu akapiga picha kurasa zote sita. Jumapili ya kwanza ya mwezi tunapima tena, mzee ameshaniambia atavaa viatu vilevile.