Mbolea inachelewa

Mtendaji wa kijiji alinigongea saa kumi na mbili asubuhi, hata uso sijanawa, akasema nivae shati jeupe. "Wewe ndiyo mkalimani leo. Wazee Kiswahili kikiwazidi, unawasaidia." Ilikuwa Oktoba 2012. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nipo nyumbani Kilolo, mkoani Iringa, nasubiri mkopo wa chuo, na kijijini kwetu kijana wa namna hiyo hakosi kutumwa.

Wageni walikuwa wabunge. Tuliambiwa Serikali inaandaa sera mpya ya kilimo, kwamba iliyokuwepo ni ya 1997, na waheshimiwa wanataka kumsikia mkulima mwenyewe kwa mdomo wake. Mdomo wenyewe ulikuwa umeshafundishwa. Jioni ya juzi yake mwenyekiti aliita watu sita akawagawia maswali: huyu barabara, huyu trekta, yule bei ya mahindi. Swali la vocha hakupewa mtu.

Kwa asiyezikuta, vocha za pembejeo zilianza msimu wa 2008/09, na sisi wa nyanda za juu kusini tulikuwa mstari wa mbele kwa sababu mahindi mengi ya nchi yanatoka huku. Kaya ilipewa vocha tatu za kutosha eka moja: mbolea ya kupandia, ya kukuzia, na mbegu. Vocha ililipa kama nusu ya bei, nusu unatoa mfukoni mwako. Unakwenda kwa wakala, unatoa hela yako, unasaini, unabeba mfuko. Yeye anapeleka vocha benki analipwa. Ujanja ulikuwa hapo kwenye kusaini. Kwa mtu asiye na ile nusu yake, vocha ni karatasi tu. Kwa wakala, karatasi ikishasainiwa ni pesa, mfuko utoke dukani usitoke. Na nani apewe vocha, hilo liliamuliwa na kamati ya vocha ya kijiji. Baba yangu mdogo alikuwa kwenye kamati hiyo.

Mashangingi matano yaliingia saa tano, na vumbi jekundu likafika kabla yao. Wageni wakakaa kwenye viti vya plastiki chini ya turubai, sisi kwenye madawati ya shule. Watu sita wakasimama mmoja mmoja wakasema walichopangiwa, wakapigiwa makofi. Mmoja alijitoa kwenye mstari akauliza kwa nini 2011 mahindi yalizuiwa kuuzwa nje wakati magunia yamejaa ndani hadi chini ya kitanda. Alijibiwa kwa urefu. Sikumbuki nini.

Ninachokumbuka ni gunia. Mzee mmoja wa viazi, ambaye naye hakuwa kwenye orodha, alikuja na wanawe wawili wakilibingirisha hadi mbele ya meza, wakalisimamisha. Lilimfika kifuani mheshimiwa mmoja mama. Juu ya mdomo wa gunia palishonewa kipande cha gunia jingine kwa kamba, na ndani ya kipande kile viazi vilipangwa kimoja kimoja, vimebanana, hadi kikatoka kichuguu. "Waheshimiwa, hili ndilo lumbesa. Mnunuzi analiita gunia moja, na mimi nalipwa gunia moja." Mheshimiwa mmoja akauliza kama hawajui sheria, kwamba gunia halitakiwi kuzidi kilo 100. Mzee akavua kofia. "Tunaijua, mheshimiwa. Sheria ipo, mzani ndiyo haupo." Watu walicheka hadi waheshimiwa wakacheka. Yule mama peke yake hakucheka, alikuwa anaandika kwenye daftari lake, na hilo nampa haki yake, maana wenzake wawili walikuwa kwenye simu tangu mwanzo.

Nadhani ni lile gunia lililomsimamisha bibi.

Si bibi yangu wa damu. Alikuwa jirani yetu, mjane, shamba lake linapakana na la baba mdogo. Alisimama bila kunyoosha mkono, akasalimia "kamwene", kisha akaanza kwa Kihehe. Kiswahili alikuwa akikitumia mnadani na kanisani, lakini ugomvi kwetu hauna lugha nyingine. Alisema msimu uliopita waliitwa jioni, yeye na wajane wengine, uani kwa mtu fulani. Akataja jina la baba yangu mdogo, na jina la baba yake, ili asichanganywe na mwingine. Walikuta taa ya chemli mezani na kidau cha wino. Wakaambiwa waweke dole gumba kwenye vocha, tatu kila mmoja, mbolea itafuata. Wakapewa shilingi elfu tano na sukari kilo moja. Sukari ikaisha, mbolea haikuja, na mahindi yake yalitoka membamba ya njano kama majani ya vitunguu. Akanyanyua mkono wa kulia, akafunga vidole vinne, likabaki dole gumba. "Hili hapa. Hili ndilo lililokula mbolea yangu."

Aliongea dakika nne au tano. Baba mdogo alikuwa dawati la tatu, mikono kwenye magoti, akiangalia viatu vyake. Ada yangu ya kidato cha tano alilipa yeye.

"Anasemaje?" akauliza yule mheshimiwa mama.

"Bibi anasema mbolea ya vocha inachelewa kufika," nikasema.

Akaandika. Kisha akainua kichwa. "Mbona ameongea sana?"

"Anarudia rudia, mheshimiwa. Ni uzee."

Madawatini mtu alikohoa. Kijiji kizima kilikuwa pale, wote wanajua Kihehe, wote wanajua Kiswahili, na hakuna aliyefungua mdomo. Mtendaji akasema swali la mwisho. Bibi alinitazama kidogo, hakuonekana kukasirika, alinitazama kama mtu anayekagua mbegu kama zimetobolewa na wadudu. Akakaa. Mbolea inachelewa, jibu lake waheshimiwa walikuwa nalo tayari: Serikali inalifanyia kazi.

Sera mpya ilitoka 2013. Nilishaingia chuo, nikaitafuta nikaisoma yote. Neno pembejeo limo tele. Sijui nilitegemea kukuta nini kingine, kwa sababu aliyekuwa na la kuongeza nilimkatiza mimi.

Baada ya mkutano baba mdogo alininunulia soda, akaninunulia na ya pili, hakusema kitu. Nilizinywa zote mbili.

Bibi nilimkwepa hadi Desemba. Mvua zilikuwa zimeshika, nikapita kando ya shamba lake nikamkuta anapanda, amevaa koti la marehemu mumewe, debe la samadi pembeni. Anachimba shimo, anatupia konzi ya samadi, anafunika kidogo, mbegu mbili, anafukia kwa kisigino.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba."

Alimaliza mashimo matatu hivi kabla ya kuongea tena. Akaongea Kiswahili, kilichonyooka, bila kutafuta neno hata moja.

"Siku ile mimi niliongea mpaka koo likakauka. Wewe ukamaliza kwa pumzi moja. Kumbe Kiswahili ni kifupi hivyo."

Nikavua viatu, nikaviweka kwenye tuta, nikabeba debe. Hakunikataza. Alinionyesha kwa jembe mstari wa kuanzia, ule wa mpakani na shamba la baba mdogo, ambako mahindi yalikuwa yameshatoka, yamefika kwenye vifundo vya miguu, ya kijani kibichi.