Amplifaya ya sebuleni: geuza kifaa, soma kibandiko cha nyuma

Maboksi ya sabufa kwenye maduka ya redio hapa Mwanza yanashindana kwa namba: wati 5,000 PMPO, wati 10,000 PMPO (yaani kilele cha matangazo, si nguvu ya kweli). Yaache. Omba kifaa chenyewe, kigeuze, utafute kibandiko cha nyuma. Kikisema 230V, 50Hz, 60W, basi hizo 60 ndizo kinazovuta ukutani, na mashine ya kusaga haitoi unga mwingi kuliko mahindi yaliyomwagwa. Toa zinazopotea kuwa joto, zilizobaki zigawe kwa spika tatu (sabufa na mbili ndogo), uone zinaimba ngapi.

Na hizo chache zinatosha. Spika ya kabati ya kawaida hutoa kama desibeli 87 kwa wati 1 ukiwa mita 1, na kila ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli 3 tu. Wati 8 zinakupeleka 96; hapo walioko kwenye kochi moja hawasikilizani tena. (Mvua ikipiga bati, hakuna amplifaya ya bei yetu itakayoishinda. Zima usubiri.) Kwa hiyo pesa nyingi ziende kwenye spika.

Kwa bajeti ndogo, chaguo letu ni amplifaya ndogo ya klasi D (aina inayowasha na kuzima umeme kwa kasi sana) yenye chipu ya TPA3116D2 ya Texas Instruments. Haipati joto sana, inakaa kiganjani, nyingi zina Bluetooth. Wauzaji huiita ya wati 50 kwa 50, na hapo wanaficha jambo moja: nguvu inategemea volti unazoilisha na omu za spika (ukinzani wake, umeandikwa nyuma ya spika). Kwa betri ya 12V ya sola, kama nyumba nyingi za visiwa vya Ziwa Victoria zinavyotumia, tegemea wati 7 hivi kila upande kwenye spika za omu 8, au 14 kwenye omu 4. Kwa chaja ya laptop ya 19V, kama 19 na 38. Zile 50 hupatikana kwa omu 4 na volti 21 kwenda juu, sauti ikiwa imeshaanza kukwaruza.

Chaja iliyotumika ya 19V, ampea 4.74, ndiyo tunayoipenda. Usikimbilie ya 24V hata kama tangazo linaruhusu. Chungulia ndani: kapasita kubwa (vile vikopo vinavyotunza umeme) kwenye bodi za bei rahisi mara nyingi zimeandikwa 25V, na chipu yenyewe mwisho wake ni 26V. Ukiziweka ukingoni namna hiyo, siku moja zitavimba kichwa. Angalia pia kichwa cha chaja. Tundu la amplifaya huwa la 5.5 kwa 2.1 mm, na kichwa cha 5.5 kwa 2.5 kinaingia vizuri tu ila kinalegea. Besi ikigonga, kifaa kinazima na kuwaka. Wengi hudhani chipu imekufa. Ukikata waya ili ubadilishe kichwa, pima chanya na hasi kwa mita ya kupimia volti kabla ya kuchomeka, maana bodi nyingi hazina ulinzi ukigeuza chanya na hasi.

Kosa linaloua bodi hizi kuliko yote ni la waya hasi. Kwenye redio za zamani hasi za spika mbili ziliweza kuunganishwa pamoja, au kufungwa kwenye bodi ya chuma. Hapa ncha zote nne zina umeme wake. Ukiunganisha hasi mbili ili kuokoa waya, ukibahatika chipu itajizima. Usipobahatika, haiwaki tena. Vuta waya mbili kamili kwa kila spika. Shaba ya 1.5 mm za mraba inatosha hata mita 10.

Ukipenda mtumba mkubwa wa Japani, soma kibandiko mara mbili. Zilizouzwa kwao zimeandikwa AC 100V. Ukiichomeka kwenye 230V, transfoma inanuka kabla hujafika kwenye swichi. Utahitaji transfoma ya kushusha, nayo ina bei yake. Redio yake ya FM nyingi huishia 90 MHz, kwa hiyo stesheni nyingi za hapa hutazipata. Ukipata ya 230V, iwashe bila spika na uweke mita kwenye volti za DC (umeme kama wa betri) kati ya chanya na hasi ya kila upande. Chini ya milivolti 50 ni salama. Ukiona volti kadhaa, transista imeungua na itakula spika yako ya kwanza. Zungusha na kitufe cha sauti: kikikwaruza, ni uchafu, dawa ya kusafishia inamaliza.

Karibu na ziwa kuna tatizo ambalo vitabu vya maelekezo havilijui: wale wadudu wa ziwani wanaofuata taa usiku. Wanaingia kwenye matundu, wanakufa juu ya bodi, na unyevu unawageuza tope linalopitisha umeme. Mjusi akifika kwenye upande wa 230V, fyuzi inakwenda. Klasi D haina joto kali, hivyo kipande cha chandarua juu ya matundu hakiidhuru. Ile kubwa ya Japani usiifunike. Ichomoe, ngoja dakika kumi kapasita zitulie, uifungue na kuipangusa kwa brashi kavu ya rangi.