Kopo la Udi Kutoka Tanga

Kopo lenyewe lilikuwa la bati, la maziwa ya unga, na udi uliokuwemo niliupika mwenyewe nyumbani Ngamiani kwa sukari na marashi ya waridi. Pembeni nilitia boksi la yale makaa ya duara ya kuwashia. Binti wa marehemu dada yangu, muuguzi huko Liverpool, hakuniomba kitu kingine. "Mama mdogo, nyumba yangu haina harufu ya kwetu," aliniambia kwenye simu. Basi kopo likawa la kwanza kuingia sandukuni.

Ilikuwa Aprili 2025, mfungo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani. Nilipotua Uingereza, afisa mmoja wa uwanja wa ndege alilifungua, akanusa, akalisukuma kando. Kisha akayapangusa makaa kwa kitambaa kidogo, akakitia kwenye mashine, na mashine ikalia. Kwa hilo simlaumu. Makaa yale yana shura ili yashike moto upesi, na shura ndiyo hiyohiyo ya baruti. Nilimweleza kwa Kiingereza, lugha niliyoifundisha sekondari kwa miaka 27, kwamba ni ya kufukizia nguo na nyumba.

Maswali yaliyofuata hayakuhusu makaa tena. Nasali msikiti gani? Imamu wetu huhubiri nini? Nimewahi kufika Somalia? Marehemu mume wangu alikuwa mtu wa siasa? Baadaye binti yangu alinieleza kwamba sheria yao ya ugaidi ya mwaka 2000 inamruhusu afisa kumzuia msafiri kwa muda usiozidi saa 6 na kumhoji hata kama hana sababu ya kumshuku, na ukikataa kujibu umefanya kosa. Mimi nilikaa saa moja na nusu. Hakuna aliyenitukana, hakuna aliyepandisha sauti. Lakini nilipokuwa nikikunja upya nguo zangu mbele ya watu, kanga kwa kanga, nilihisi kama mwizi aliyeachiwa kwa kukosa ushahidi.

Treni ya kutoka stesheni ya Euston, London, kwenda Liverpool ilijaa mpaka watu wakasimama kwenye ujia. Kiti cha pembeni yangu kilibaki kitupu. Nilidhani kina mwenyewe, kumbe hakina. Tulipofika Crewe akapanda mama mmoja na mtoto, akaketi bila wasiwasi, akampakata mwanawe. Alikuwa mtu mwema, nasema hivyo kwa moyo mweupe. Tulizungumza kuhusu mvua, kuhusu mtoto, kisha akainama karibu yangu na kuniuliza, polepole, neno moja moja, ni nani anayenilazimisha kuvaa hivi.

Nilimwambia buibui hili nimelinunua kwa pesa yangu, mume wangu alifariki mwaka 2016, na sina mtoto wa kiume wa kuniamrisha. Alinipigapiga mkono kama mtu anayempa mwenzake pole. Hakuniamini. Yule afisa nilijua ananishuku, nami nikajua namna ya kukaa mbele yake. Huyu mama alikuwa ananihurumia, na huruma ile ilinifanya nionekane sina akili ya kujichagulia nguo. Mpaka tunavuka mto Mersey pale Runcorn nilikuwa bado natafuta neno ambalo lingemfikia, na sikulipata.

Binti yangu alinipokea Lime Street, stesheni kuu ya Liverpool. "Shikamoo mama mdogo!" Nikaitikia, tukakumbatiana, tukalia kidogo kwa ajili ya mama yake. Tulipokuwa tukitembea kwenye jukwaa la stesheni alinishika mkono ghafla na kunivuta upande wa ndani. Nilidhani kuna gari la mizigo nyuma yetu. Hakukuwa na kitu. "Sisi hatutembei ukingoni," alisema. "Treni ikija unasimama mgongo ukutani. Asije mtu akakusukuma." Alilisema kama anavyoniambia nivae sweta kwa sababu ya baridi. Ana miaka 31. Mama yake alimfundisha mengi, lakini hilo hakulijua.

Tulifunga sita za mfungo mosi pamoja. Kule mwezi wa nne Magharibi huingia saa mbili usiku, siku ndefu kweli, na jioni za kusubiri ndizo zilizomfungulia moyo. Alinisimulia kiangazi cha 2024. Tarehe 29 Julai, watoto watatu wa kike waliuawa kwa kisu huko Southport, mji wa pwani karibu na Liverpool, kwenye darasa la kucheza dansi. Kabla maiti hazijazikwa, mitandaoni ikaenea kwamba muuaji ni Muislamu, mkimbizi aliyeingia kwa mashua. Ulikuwa uongo. Alikuwa kijana wa miaka 17 aliyezaliwa Cardiff, na Muislamu hakuwa. Usiku wa tarehe 30 umati ukauvamia msikiti wa Southport kwa matofali, imamu akiwa ndani na wenzake. Ghasia zikasambaa mji kwa mji. Binti yangu alikwenda kazini wiki ile kwa gari la mwenzake, amejilaza kiti cha nyuma, akauguze watu.

Nilimuuliza kuhusu Mohamed Salah, maana picha yake niliiona ukutani na jezi yake mabegani mwa watoto. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walikokotoa kwamba baada ya Salah kujiunga na Liverpool mwaka 2017, uhalifu wa chuki katika eneo la Merseyside ulikuwa chini kwa asilimia 16 kuliko ilivyotarajiwa. Akatikisa kichwa. "Wanampenda, mama mdogo. Lakini mimi sifungi magoli."

Ijumaa alinipeleka Brougham Terrace. Hapo wakili Mwingereza, Abdullah Quilliam, aliyesilimu mwaka 1887, alifungua msikiti siku ya Krismasi ya 1889, na siku za Krismasi wakawa wanawalisha maskini wa mjini. Majirani waliwatupia waumini mawe na matope. Quilliam aliondoka mwaka 1908, nyumba ikaja kuwa ofisi ya kuandikisha vizazi na vifo, na ibada ikarudi miaka mingi baadaye. Tarehe 2 Agosti 2024 waandamanaji walikusanyika nje yake tena. Imamu Adam Kelwick na wenzake walivuka barabara wakawapelekea chakula, na wengine miongoni mwa waandamanaji wakakipokea, wakazungumza, wakakumbatiana. Nilisimama kwenye ile barabara. Nilijaribu kuhesabu hatua za kuivuka nikiwa na sahani mkononi na watu wakinizomea, na nikajiuliza kama miguu yangu ingekubali.

Southport nilitaka kwenda mwenyewe. Ni dakika kama 45 kwa treni kutoka Liverpool Central. Msikiti uko kwenye mtaa wa nyumba za kawaida, mapazia, mapipa ya taka, baiskeli za watoto. Baada ya usiku ule, waashi walikuja kulipokucha wakaujenga upya ukuta uliobomolewa, na wenyeji wakaja na mifagio. Nikaupapasa ule ukuta nikitafuta pale saruji mpya inapoanza.

Mzee mmoja mwenye fimbo akatuuliza kama tumepotea. Binti yangu alikaza mkono wangu. Nikamwambia hapana, natazama ukuta tu. Mzee akasema usiku ule alizima taa akakaa chini ya dirisha na mkewe, asubuhi akafagia vioo mpaka saa sita. Alikuwa amepita hapo miaka mingi bila kujua watu husali saa ngapi. Kisha akavuta pumzi, akauliza harufu ile nzuri inatoka wapi. Asubuhi nilikuwa nimelifukiza buibui langu. Nilimwambia ni udi. Akasema akiwa mtoto alikuwa akibeba chetezo kanisani, na nguo zake zilikuwa zikirudi nyumbani na harufu kama hiyo, mama yake akimkumbatia anainusa.

Nilikuwa na vipande vitatu kwenye mkoba, nimevifunga kwa karatasi. Nikampa. Nikamweleza asiviweke kwenye moto wenyewe, aache kaa lifanye jivu kwanza, ndipo aviweke juu. Aliyarudia maelezo yangu mara mbili ili asikosee.

Tulirudi stesheni jioni, upepo wa bahari ukiwa mkali. Karibu na mlango vijana wawili walitupigia kelele za kuturudisha kwetu, na mmoja akatema mate, hayakutufikia. Binti yangu hakugeuka. Aliendelea kunieleza habari za bei ya samaki, sauti ileile. Treni ilipotokeza nilijikuta nimeshasogea, mgongo wangu unagusa tofali baridi la ukuta, kabla hajaninyooshea mkono.